Alama Amepata, Lakini Nani Amemsikia Akisoma?

Wewe ulipata ngapi KCPE? Usinidanganye, najua unakumbuka. Mtu anaweza kusahau PIN ya M-Pesa, akasahau birthday ya mpenzi wake, lakini zile alama kati ya 500 zimekwama kichwani hadi leo, pamoja na penseli ya HB na sauti ya msimamizi akitembea nyuma ya dawati lako. Sasa nikuulize swali la pili. Ni lini mara ya mwisho ulipokuwa shule ya msingi ambapo mtu mzima aliketi nawe, nyinyi wawili tu, akakusikiliza ukisoma ukurasa mzima kwa sauti? Mimi nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa.

Swali hilo lilinijia likizo iliyopita nikiwa kwa shangazi yangu, Umoja. Alikuwa anasukuma chapo, mikono imejaa unga, simu ikalia ile sauti ya ujumbe wa pesa. Akamwambia mwanawe wa Gredi ya 6 amsomee. Kijana akatupia skrini jicho sekunde moja tu: "Mathe, ni 1,200." Kweli zilikuwa 1,200. Shangazi akauliza ni nani ametuma. Kimya. Jina lilikuwa pale kwa herufi kubwa, hata mtu aliyesimama mlangoni angeliona. Kijana akajikuna kidogo, akasema, "Ni customer."

Shangazi hakugundua kitu. Mimi niligundua, na kusema kweli nilitamani nisingegundua. Jioni nikamwita kando, nikampa kitabu cha hadithi cha dadake mdogo, cha Gredi ya 2. Kwa Kiswahili, si Kiingereza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: silabi moja, anasimama, silabi nyingine, anarudi nyuma. Alipofika mwisho nikamuuliza hadithi ilikuwa inahusu nini. Akaniangalia. Hakuwa na habari.

Na matokeo yake ya Kiswahili? Kufikia matarajio. Nimeiona karatasi kwa macho yangu, imebandikwa ukutani karibu na kalenda.

Nilimuuliza huwa anafanyaje mitihani, akanifunulia siri bila kuona aibu. "Cuzo, si lazima usome yote. Unaangalia neno la kwa swali, unalitafuta kwa hadithi, jibu huwa hapo karibu. Ukikosa kabisa, unachagua C." Huyu si mtoto mjinga. Mtoto mjinga hawezi kubuni mbinu kama hiyo na kuitumia miaka mitatu bila kukamatwa. Ametumia akili yake yote kukwepa kusoma, na mtihani ukampa tano.

Usije ukadhani nataka kuimba ule wimbo wa "mitihani ifutwe". Najua kizazi chetu kina majeraha. Tulifanya KCPE, tukapangwa kama nyanya sokoni, na magazeti, hili letu likiwemo, yakajaza kurasa za mbele picha za watoto waliobebwa juu juu na wazazi wao wakipeperusha matawi. KCPE ilianza mwaka 1985 na ya mwisho ikafanywa 2023. Wengi wetu hatukulia matangani. Lakini ukiondoa mtihani mbaya hujapata njia ya kujua kama mtoto anaweza kusoma. Umeondoa tu mtihani mbaya.

Na haya ya kusoma yanaweza kupimwa. Yanapimwa vizuri, kwa dakika chache, na hapa kwetu Kenya yamepimwa kwa miaka mingi kwa mbinu ambazo vijana wengi hawajawahi kuzisikia.

Chukua ile inayoitwa EGRA, tathmini ya usomaji ya madarasa ya mwanzo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 na kusambaa katika nchi nyingi zinazoendelea. Hakuna cha A, B, C, D. Mtahini anaketi na mtoto mmoja, ana karatasi na saa. Kwanza mtoto anataja sauti za herufi kwa dakika moja. Halafu anapewa maneno ambayo hayapo duniani, kitu kama "fubo" au "kemu", asome. Kwa nini maneno ya uongo? Kwa sababu neno "mama" mtoto anaweza kuwa amelikariri kama picha. "Fubo" hawezi kulikariri, lazima aunganishe sauti mwenyewe. Kisha anasoma hadithi fupi kwa dakika moja, mtahini anahesabu maneno aliyoyapata sawa, na mwishoni anaulizwa maswali kuhusu alichosoma. Akishindwa mstari wote wa kwanza, anasimamishwa kwa upole, kazi inaendelea kwingine. Hakuna mtoto anayeachwa akitoa jasho.

Mbinu ya binamu yangu haiwezi kufanya kazi hapo. Hakuna C ya kuchagua.

Hizi ndizo zinazoitwa tathmini sanifu: karatasi ni ileile, maelekezo ni yaleyale, muda ni uleule, uwe Lodwar, uwe Likoni, uwe Lang'ata. Usanifu huo ndio unaokuwezesha kusema mtoto huyu yuko hapa na yule yuko pale bila kutegemea roho nzuri ya mwalimu wake au ubaya wake. Hapa Kenya viwango viliwekwa kwa madarasa ya mwanzo: kwa Kiswahili, mtoto anayesoma maneno 17 kwa dakika anahesabiwa kuwa ndiyo anaanza, na anayefika 45 anasoma kwa ufasaha. Kwa Kiingereza ni 30 na 65.

Hapo najua kuna mtu ameshasonya: ona, hata viwango vyetu vya Kiswahili wameviweka chini! Tulia. Hesabu hiyo haina dharau yoyote. Soma neno "hawatatusomesha". Ni neno moja. Mwingereza angelihitaji manne au zaidi kusema hilohilo. Maneno yetu ni marefu, yamebeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya gunia moja, kwa hivyo 45 ya Kiswahili si mbio ndogo kuliko 65 ya Kiingereza. Ukisikia mtu analinganisha namba hizo mbili moja kwa moja ili kuonyesha kwamba watoto wetu "wanajua Kiingereza zaidi", mwambie apunguze mwendo.

Lakini Kiswahili kina mtego wake. Kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishajua silabi zake, anaweza kukusomea ukurasa mzima, sauti tamu, bila kuelewa hata kitu kimoja. Nimesikia watoto wa namna hiyo, na wewe pia umewasikia, hasa siku ya wazazi shuleni, watu wanapiga makofi. Ndiyo maana kuhesabu maneno kwa dakika peke yake hakutoshi, na walimu wakishajua kwamba kinachohesabiwa ni kasi, watafundisha kasi. Yale maswali ya mwisho, yanayoonekana kama nyongeza, ndiyo yenye uzito.

Na hayo maswali nayo yana lugha. Mtoto wa Pipeline anayeishi ghorofa ya 7, maji anachota kwa mtungi wa plastiki kutoka kwa kioski, na nyumbani anaongea Sheng. Ukimpa hadithi ya babu aliyekwenda kondeni akakuta kisima kimekauka, unapima mambo mawili kwa wakati mmoja: kama anajua kusoma, na kama amewahi kuishi kijijini. Sera yetu inasema madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, na mjini inamaanisha Kiswahili. Nenda usikilize kinachoendelea, hasa hizi shule za binafsi za mtaani, ambapo mtoto wa PP1 anakatazwa kuongea Kiswahili na mzazi analipa karo kwa furaha kwa sababu hiyo. Halafu mwaka wa nne tunashangaa mbona hasomi lugha yoyote sawasawa.

Turudi kwa matokeo, maana huko ndiko hasira yangu iliko.

Tangu mwaka 2009 kuna watu wa kujitolea waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba kupima watoto, kupitia mradi wa Uwezo uliofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda. Waliiga kutoka India, ambako shirika la Pratham lilianza tathmini yake, ASER, mwaka 2005. Hawakwenda shuleni kwa sababu shuleni utampata tu mtoto aliyekuja. Walikwenda nyumbani, wakampima kila mtoto wa miaka 6 hadi 16: herufi au silabi, neno, aya, hadithi ya kiwango cha Darasa la 2. Mtoto wa miaka 14 aliyekwama kwenye neno alirekodiwa hapo hapo, kwenye neno, haijalishi anavaa sare ya darasa gani. Kazi hiyo hapa nchini sasa inafanywa na Usawa Agenda. Ripoti yao ya mwaka 2021 ilisema takriban watoto 2 kati ya 5 wa Gredi ya 4 ndio walioweza kusoma sawasawa matini ya Kiingereza ya Gredi ya 3. Yaani watatu kati ya watano hawakuweza. Siku mbili mitandao iliwaka, kila mtu akawa mtaalamu wa elimu, kisha tukahamia stori nyingine.

Hapa kuna jambo lililonishtua zaidi. Wazo la Uwezo lilikuwa zuri: mpime mtoto mbele ya mzazi, mwambie mzazi matokeo palepale, mpe na karatasi ya mambo anayoweza kufanya. Mzazi akijua, si atachukua hatua? Watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, walifuatilia vijijini hapa Kenya kuona kama wazazi waliopewa matokeo walifanya chochote tofauti na wale ambao hawakupewa. Walichapisha walichokipata mwaka 2014. Hawakuona tofauti ya maana. Si kusaidia mtoto nyumbani, si kwenda kumuuliza mwalimu.

Ukiwa na haraka utasema wazazi hawajali. Mimi namfikiria shangazi yangu. Ukimwambia mtoto wake amekwama kwenye aya, afanye nini? Anaamka saa kumi na moja kwenda Gikomba kuchukua mali, anarudi usiku. Aende shule amwambie mwalimu nini, na mwalimu mwenyewe ana watoto 70 mbele yake? Habari bila njia ya kuitumia ni mzigo tu. Unambebesha mtu kisha unaandika ripoti kwamba alikataa kutembea.

Sasa linganisha na mahali ambapo kipimo hichohicho kimefanya kazi. Hao hao Pratham, huko India, walichukua ile karatasi ya herufi, neno, aya na hadithi, wakaifanya kuwa chombo cha kugawa watoto. Kwa saa moja hivi kwa siku hujali mtoto ni wa darasa gani. Wa herufi wanakaa na wa herufi, wa aya na wa aya. Baada ya wiki chache wanapimwa tena, anayeweza anahama kundi. Mtihani umefanywa Jumatatu, Jumanne umeshabadilisha mtoto ameketi wapi na anafundishwa nini.

Na hatuhitaji kupanda ndege hadi India. Tusome, mradi uliozinduliwa mwaka 2015 na kufika katika zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma, ulikuwa na kitu kidogo ninachokipenda kuliko vitabu vyake vyote. Afisa wa mtaala, wale CSO, alikuwa akifika darasani na kishikwambi, anatazama somo, kisha anaita watoto watatu wowote wamsomee. Watatu tu. Baada ya hapo anakaa na mwalimu wanaongea: hawa watatu nimewasikia, hapa wanakwama, kesho jaribu hivi. Alama zilikwenda Nairobi kwenye kompyuta, sawa, lakini kabla hazijaenda Nairobi zilipitia kwa mtu anayeweza kufanya kitu kesho yake asubuhi.

Shida ni kwamba Tusome ilitegemea pesa za Wamarekani kupitia USAID. Mradi wenyewe ulikuwa umeshafika mwisho wake, na Julai 2025 hata hiyo USAID ikafungwa. Kwa miaka zaidi ya kumi, kazi ya kujua kama mtoto Mkenya anaweza kusoma ililipiwa kwa kiasi kikubwa na mlipa ushuru wa nchi nyingine. Hilo linatakiwa litukere zaidi ya mashindano yoyote ya nani ameongoza kaunti.

Tumebaki na nini? Tuna KPSEA ya Gredi ya 6, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, ya kuchagua jibu na kutia kivuli. Hakuna pahali katika mtihani huo ambapo mtoto anaombwa afungue mdomo asome. Tuna pia tathmini za shuleni, ambazo zina kazi za kusoma kwa sauti, na mwalimu anampa mtoto kimoja kati ya viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, au mbali na matarajio. Kwa maandishi, hicho ndicho kitu ninachokililia. Lakini piga hesabu na mimi. Watoto 70, dakika tatu kwa kila mmoja, bila kupumua, bila mtoto kwenda choo: dakika 210. Saa tatu na nusu kwa somo moja. Ongeza Kiingereza, ongeza masomo mengine yote yanayodai kazi za vitendo, ongeza intaneti inayokatika mwalimu akipakia alama kwenye tovuti ya KNEC usiku kwa bando lake mwenyewe. Mwalimu atafanya nini? Atafanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Ataandika "kufikia matarajio" na kulala. Simlaumu. Binamu yangu ana mwalimu mzuri, nimeongea naye kwa simu, ni mtu anayejua majina ya watoto wote 70. Hajawahi kumsikia huyu mmoja akisoma peke yake.

Kwa hivyo msimamo wangu, na nakuomba ubishane nao ukitaka: Wizara ya Elimu iache kututangazia mitihani mipya yenye majina mapya, ichukue huu wa dakika tatu uufanye Gredi ya 3 kwa kila mtoto, kwa lugha anayoijua, mbele ya mtu mwenye muda wa kusikiliza. Kuna maelfu ya walimu wamehitimu wanaendesha boda na kuuza credo wakisubiri TSC. Walipwe muhula mmoja wa kufanya kazi hiyo, na muhula unaofuata wakae na wale waliokwama. Matokeo yabaki darasani. Yasiende kwa gazeti, yasitumike kupanga shule wala kumfukuza mwalimu, maana siku yatakapotumika hivyo ndiyo siku watoto wataanza kukaririshwa ile hadithi ya mtihani. Mzazi aambiwe kwa maneno ya kawaida: anasoma maneno, hajafika aya. Hiyo ya "kukaribia matarajio" haimwambii shangazi yangu lolote. Matarajio ya nani? Anakaribia akitokea wapi?

Itagharimu pesa, ndiyo. Lakini hizo pesa zitaulizwa tena baadaye, kwa bei ya juu zaidi, mtoto huyo akiwa sekondari ya msingi na vitabu vya kurasa mia tatu ambavyo anavikagua tu kama alivyokagua ule ujumbe wa M-Pesa.

Binamu yangu na mimi tumeanza kazi yetu ndogo. Kila Jumapili jioni ananipigia video, anafungua kitabu cha dadake, mimi naweka saa ya simu dakika moja. Mara ya kwanza alipata maneno 19. Alikasirika, akasema kitabu kina herufi ndogo. Jumapili iliyopita alipata 31, na nilipomuuliza hadithi inahusu nini akaniambia kuna mbuzi alikula tiketi ya basi, na kwamba hadithi yenyewe haina maana kwa sababu kondakta angeona. Shangazi akauliza kutoka jikoni kama 31 ni nyingi ama ni kidogo. Kijana akamjibu kabla yangu: "Ni kidogo, mathe. Lakini ngoja."